Kungwi na Kompyuta Yake ya Kufukizwa

Kungwi wetu alipokuwa na siri, kijiji kizima cha Olumbi kilijua kwamba ana siri. Siri yenyewe haikutoka, hilo nampa haki yake. Lakini alipita sokoni amebana midomo, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi, na ukimwambia shikamoo anakujibu, "Marahaba, na usiniulize." Hujamuuliza kitu. Umetaka tu kumpa mzee heshima yake uende zako ukanunue nyanya. Basi hapo nyanya zinakushinda, unabaki unajiuliza kuna nini leo. Hivyo ndivyo bibi yule alivyotunza siri zake: kwa kuzitangaza.

Kama kwenu hakuna kungwi, poleni. Kungwi ni yule mwanamke anayewaingiza wasichana ndani wakivunja ungo, anawafundisha mambo ya unyago, kisha anawatoa wakiwa watu wazima wenye adabu. Adabu hiyo hudumu siku chache. Kila aliyepita mkononi mwake ni mwali wake mpaka kaburini. Mimi nina mvi, nina binti anayenipita kimo, nina kiti changu katika ofisi ya posto, yaani ya tarafa, ninakochapa barua za serikali kwa Kireno, hayo yote hayakumzuia kusimama dirishani na kuita, "Mwali wangu! Umekula?" Shefe wa posto, mkuu wetu pale, mtu wa kusini mwa Msumbiji aliyehamishiwa kwetu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu", aliniuliza mwali maana yake nini. Nikamwambia ni jina la ukoo. Mpaka siku anahamishwa alikuwa ananiita Senhora Mwali mbele ya wageni.

Alitufundisha kwamba mwanamke hacheki mpaka magego yakaonekana. Yeye akicheka kuku walihama uani. Alitufundisha kwamba mwenye haya hali njiani, na kila jioni ungemkuta njiani na muhogo wake wa kuchoma mkononi, anatafuna na kutoa amri. Simu aliita mdomo wa shetani. Alikuwa nazo tatu: ya kupigia, ya kupokea, na moja mbovu ya kuonekana nayo kwenye harusi. Ukimkumbusha mafundisho yake alikutazama kwa huruma. "Mimi nimeshafundwa," anasema. "Nyie ndio mnafundwa."

Na usafi wake! Kila Ijumaa baada ya kuoga alitia makaa kwenye chetezo, akatupia ubani, ikaanza ziara. Kitanda kinafukizwa. Nguo kambani zinafukizwa. Mtungi wa maji, viatu, mto wa marehemu mumewe, hata mgeni aliyekosea kukaa karibu na mlango. "Kitu kisichofukizwa kina mwenyewe," alisema, na huyo mwenyewe hakuwa mtu wa kutajwa jina. Mimi niliwahi kurudi ofisini nikinukia hivi kwamba karani mwenzangu aliniuliza naolewa lini tena.

Kompyuta aliipata kwenye mradi. Walikuja watu wamevaa fulana zinazofanana, wakawakusanya wanawake darasani, wakawafundisha uongozi wa mwanamke. Kungwi, ambaye alianza kuongoza wanawake wakati wakufunzi wale wananyonya, alikaa mstari wa mbele kwa adabu zote akafundishwa kuongoza. Mwisho wakampa cheti, soda, na kompyuta ya kukunja. Umeme kwetu wakati ule ulikuja ulipojisikia, na bibi mwenyewe kusoma kwake kulikuwa kwa msahafu. Hakuna aliyeuliza. Walipiga picha wakaondoka. Cheti kikapanda ukutani, soda akapewa mjukuu, kompyuta ikawekwa juu ya meza ndogo na kufunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua ya waridi, ili vumbi lijue mipaka yake.

Ingekaa pale mpaka kiyama kama si mwenzake.

Huyu naye simtaji jina, sote tulimwita Mwenzake tu, Mwenzake wa Kungwi. Alikuwa mpiga ngoma na mwimbishaji. Kungwi alijua mambo na mpangilio wake, lini mwali anaingia, lini ananyolewa, anaambiwa nini na kwa nini. Maneno ya nyimbo yalikuwa kwa Mwenzake. Yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo, Kungwi akaitikia. Na watu hawa wawili hawakuwa wanasemezana. Chanzo cha ugomvi kilikuwa sufuria, ukimuuliza mmoja, na mume, ukimuuliza mwingine. Mimi nadhani waliupenda tu ule ugomvi. Tulipokimbilia Pemba, hii ya Msumbiji si ya Unguja, vita vilipotuchomoa kwetu kabla ya hiyo kompyuta, tulijazana nyumba moja, na wale wawili walilala mkeka mmoja, shuka moja, na bado wakawa wanapitishia maneno kwangu. "Mwambie huyo aliye mgongoni kwangu asogee." Mgongo wake umegusana na mgongo wa mwenziwe. Mimi nimelala upande wa pili wa chumba, naamshwa nipeleke ujumbe.

Tuliporudi Olumbi, Mwenzake alirudi na kikohozi. Siku moja akaniita. "Mwambie Kungwi wako," akasema, "mimi nikienda na nyimbo zinaenda. Yeye kichwa chake ni tenga. Atafute chombo." Kungwi alikuwa amekaa palepale, anachambua mchele. Akajibu bila kuinua macho, "Mwambie nimesikia."

Basi tukajifungia ndani, wanawake watupu, mlango umewekewa kinu. Nikarekodi kwa simu yangu. Mwenzake anaanzisha, Kungwi anaitikia. Nyimbo zenyewe siziandiki hapa, kwa hiyo wanaume mnaosoma msijitese kugeuza kurasa. Inatosha kusema kwamba mtoto hasikii, mwanamume hasikii, na mwanamke ambaye hakuingia ndani hasikii. Tulipomaliza nikazihamishia kwenye kompyuta. Faili nikaziita Mapishi, kwa amri ya Kungwi, ili mwizi akifungua akate tamaa.

"Sasa futa kwenye simu," akasema.

Nikafuta.

"Futa tena."

"Bibi, zimeshafutika."

"Futa."

Nikafuta pasipokuwa na kitu. Nikamwambia, hapo ndipo niliposema ukweli ukapita sikio hili ukatokea lile: "Tuweke japo nakala moja kwenye pen, kile kijiti cha kuchomeka. Mashine zinakufa, bibi." Akaniangalia kana kwamba nimetaka kumweka Mwenzake mnadani. "Siri yenye pacha si siri," akasema. Kufuli ya maneno ya siri akataka. Nakala akakataa. Na kitambaa cha maua kikarudi juu.

Mwenzake alifariki kabla ya mavuno. Kungwi hakulia mbele za watu. Alikaa kichwani pa maiti siku nzima, na jioni nikamsikia ananiambia, "Mwambie..." Kisha akajifunika uso kwa kanga.

Baada ya hapo akaanza kusahau. Mwanzoni tuliona ni kiburi tu cha kawaida. Akaita mjukuu kwa jina la mwanawe. Akachemsha chai bila majani, na akainywa kwa msimamo. Lakini siku alipoanza wimbo wa kumwosha mwali na kukwama katikati, akatazama kulia kwake, mahali alipokuwa akikaa Mwenzake, hapo hakuna aliyetania. Wasichana walikuwa wanangoja kuingizwa ndani mwaka ule, na binti yangu alikuwa mmojawapo. "Haidhuru," akasema, "zipo kwenye mashine." Akafunua kitambaa, akabonyeza. Kitaa kikawaka. Feni ikakoroma kama mzee aliyelala baada ya futari. Kioo kikabaki cheusi. Tukabonyeza tena na tena, na mwisho hata kitaa kikakataa.

Kwa kuwa nachapa barua za shefe, Kungwi alinihesabu kuwa daktari wa mashine. Nilifanya kila ninachojua, yaani kuchomoa na kuchomeka. Kisha nikaiinamia kuisikiliza, na pua yangu ikapokea habari kabla ya sikio. Ubani.

"Bibi," nikasema taratibu, "na hii ulikuwa unaifukiza?"

"Ningeiacha?" akasema, ameudhika kweli. "Kila Ijumaa. Naifungua, naikalisha juu ya chetezo, moshi unapanda vizuri ndani. Mule mna sauti ya mtu. Unataka aingie mwenyewe?"

Fundi wa kwanza tulimpata mjini Palma. Kijana wa miwani ya jua, ndani ya kibanda kisicho na jua. Alitueleza kwamba kompyuta alijifunzia Afungi, kwenye kambi ya gesi. Baadaye tulijua kwamba Afungi alikuwa akibeba sahani jikoni, na kompyuta zilikuwa chumba cha jirani. Akaigeuza mashine mara mbili, akanusa, akaweka chini.

"Tunaiformatari, bibi. Inarudi mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinaondoka. Lakini inarudi mpya!"

"Nyumba yako ikiingia panya, unaichoma?"

"Bibi, hii ni teknolojia."

"Nimekuuliza habari ya panya."

Kijana akanigeukia mimi, nimsaidie. Nikatazama dari. Kungwi akaikumbatia kompyuta yake, akatoka, na tangu siku ile neno "formatari" likawa tusi lake. Mbuzi akiingia shambani, "Mformatari huyo!"

Tukaambiwa yuko mwingine mjini Mocímboa, huyu ndiye fundi kweli, anatoa roho ya mashine na kuiacha maiti. Tukapanda gari. Kwenye kizuizi askari akatufungulisha mizigo, akaikuta kompyuta imeviringishwa kitambaa cha maua, inanukia kama chumba cha bibi harusi. Akashuku, na simlaumu. "Liga," akasema. Iwashe.

"Anasemaje?" Kungwi akauliza.

"Anataka tuiwashe aone kama ni kompyuta kweli."

"Mwambie ingekuwa inawaka ningekuja kumtazama yeye?"

Nikamwambia askari, kwa Kireno changu cha ofisini, kwamba bibi anamshukuru kwa kutulinda na kwamba mashine ni mgonjwa, inapelekwa kwa fundi. "Mbona kasema maneno machache hivyo?" akauliza askari. Nikamwambia Kiswahili ni lugha fupi. Akatupisha. Kungwi akampungia mkono, akimwita mwanangu.

Fundi wa Mocímboa alikuwa mtu mwenye majigambo yake, lakini na kazi alikuwa nayo. Alisikiliza, akasema bodi imekufa, imezibwa na utomvu, lakini disku huenda ni nzima. Ataitoa, ataifunga kwa waya kwenye kompyuta yake, atasoma vilivyomo.

"Na maneno ya siri tuliyoweka?" Kungwi akauliza.

"Hayo yanafunga mlango tu, bibi. Mimi napitia ukutani."

Kungwi akakaa chini. Nilijua anafikiria nini: kwamba miaka yote amelinda mlango, na ukuta ulikuwa wazi kwa kila mwanamume mwenye waya. "Basi utafungua, lakini hutasikiliza," akasema.

"Lazima nisikilize, bibi. Ndiyo kazi yangu. Nikitoa faili naitesta, mteja anasikia, ndipo namkabidhi. Siwezi kutoa kazi gizani."

"Mwanangu, hizi ukizisikia utaota matiti."

Fundi akacheka. Kungwi hakucheka. Fundi akaacha kucheka, na nikamwona mkono wake unapanda kifuani wenyewe. Msomi wa teknolojia, huyo.

Mabishano yalikuwa marefu, nayafupisha. Tulikubaliana hivi: fundi akae barazani, kanga itundikwe mlangoni, na mimi nifanye kazi ndani nikifuata sauti yake. Kungwi akasimama katikati, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama anavyosimama mlangoni pa mwali. "Geuza tumbo chini!" fundi anapiga kelele. "Toa betri! Skrubu ndogo, usizichanganye!" Nikafungua kifuniko. Lahaula! Feni ilikuwa imevaa koti jeusi la utomvu, unaweza kuinyofoa ukaitia kwenye chetezo ikawaka upya. Nikaitoa disku, kibao kidogo kinachojaa kiganjani, nikaifunga na waya. Kompyuta ya fundi ikafikiri. Kisha ikaandika swali, nami kama mpumbavu nikalisoma kwa sauti: disku hii inahitaji kuformatariwa, je, uformatari sasa?

Kungwi alipiga ukunga uliowatoa nje watu wa duka la jirani. Akanirukia mkono. "Usiguse! Mwali wangu, usiguse, nakuomba, usimuue mara ya pili!"

"Cancelar!" fundi anapaza sauti nyuma ya kanga. "Bonyeza cancelar, ikatae! Usiguse sim, usiikubalie!"

Nikabonyeza. Nikasikia Kungwi anahema juu ya bega langu, na hapo, jamani, kejeli zangu zote zilinitoka. Niliogopa. Niliona kabisa namna ya kurudi Olumbi na kibao kitupu, bibi yule njia nzima amekipakata.

Ilibidi fundi aingie, kwa sababu sasa ilitakiwa programu yake ya kuchimbua, na mimi hiyo siijui. Kungwi akachomoa spika kwa mkono wake, akazikalia. Fundi akafanya kazi kimya, jasho linamtoka, bibi anamwangalia masikio badala ya mikono. Ilichukua muda wa kutosha kuswali adhuhuri na kula. Mwishowe majina yakaanza kupanda kiooni moja baada ya jingine. Mapishi. Mapishi. Mapishi.

"Makelele yote haya," fundi akasema, "kwa ajili ya mapishi?"

"Toka nje," Kungwi akamwambia, kwa upole.

Akatoka. Nikachomeka kamba za masikioni, sikio moja langu, moja lake, nikafungua la kwanza. Kukawa na ukimya, kisha kikohozi. Kikohozi chake kabisa. Kisha sauti ya Mwenzake, kavu, yenye dharau: "Mwambie akae sawa, ananibania nafasi." Halafu wimbo.

Kungwi alishika meza. "Nimeshakaa sawa," akajibu kwa sauti, moja kwa moja, si kupitia kwangu. "Nimekaa sawa, mwenzangu. Imba." Machozi yakawa yanamtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta. Mimi nililia mpaka kilemba kikanifunguka, na nje fundi wa watu anauliza kama kazi imeharibika.

Njiani kurudi aliniruhusu nakala. Aliniruhusu kama anayetoa figo, lakini aliruhusu: moja kwangu, moja kwa kungwi mdogo aliyekuwa anamwandaa, moja kwake. Wasichana wakaingia ndani mwaka ule na nyimbo zote, isipokuwa wa mwisho, ambao faili yake ilitoa mvumo tu kama upepo kwenye bati. Binti yangu alitoka na adabu, ikadumu siku zilezile za kawaida.

Kusahau hakukungoja mtu. Mara ya mwisho nilipokaa naye alikuwa amelala kwa bintiye, ukutani hakuna cheti, mezani hakuna mashine, na ilikuwa Ijumaa bila moshi wowote. Aliniita jina la dadake aliyekufa utotoni. Hakuniuliza kama nimekula. Nikatazama mlangoni nione kama kuna mwanamume, nikafunga, nikaweka simu karibu na mto wake, nikafungulia wimbo wa kumwosha mwali.

Sauti ya Mwenzake ilipotokea alifumbua macho. "Huyo," akasema. "Huyo namjua." Akawa anatabasamu, vidole vinapiga kwenye shuka. Kisha ikaingia sauti ya pili, inaitikia, imechelewa kidogo kama ilivyochelewa siku zote. Akakunja uso.

"Na huyu mwingine nani?"

Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Ni kungwi mmoja, bibi. Alikuwa hapahapa Olumbi."

Akasikiliza kwa makini, kwa masikio ya mtu wa kazi. "Maneno hayajui," akasema. "Anamfuata tu mwenzake. Popote anapokwenda, anamfuata."

Nikanyoosha mkono nipunguze sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshindwa kuvumilia. Akanishika kiganja, na nguvu yake ilikuwa ileile.

"Usimkatize," akasema. "Mwache amfuate."